Tofali la Kirumi, ukuta wa nani? Maneno kwa mnaoanza kurekodi kuta

Ijumaa jioni nilibaki ofisini na fomu 11 za konteksti (konteksti ni tukio moja lililoacha alama ukutani au ardhini: ukuta, tabaka, shimo) zilizojazwa na vijana wetu watatu wapya. Saba kati ya hizo, kwenye kisanduku cha kipindi, zimeandikwa "Kirumi". Hakuna alama ya kuuliza, hakuna "huenda". Mmoja amepigia na mstari kabisa. Ukuta wenyewe ni wa Kinormani, yaani wa wale waliovuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza mwaka 1066, na tuliwaambia hivyo asubuhi, kabla hawajashuka garini.

Nilicheka peke yangu, nikakasirika, nikachemsha chai, nikacheka tena. Maana kosa lile nalijua kama ninavyoujua mwandiko wangu. Basi badala ya kurudisha fomu zilizojaa wino mwekundu, nimeandika haya. Ni kwa ajili yenu mliokuja Uingereza kusomea majengo ya kale au kufanya kazi za msimu, mliotoka Unguja, Mombasa, Dar na kwingineko, na ambao wiki ya kwanza mnanitumia ujumbe saa tano usiku: "Dada, hii ni konteksti moja au mbili?" Ni mbili. Karibu kila mara ni mbili. Laleni.

Mfano wangu utakuwa ngome ya Colchester, kule Essex. Ndiko ninakompeleka kila mgeni siku yake ya kwanza, na ngome ile imewahi kuwapotosha watu waliosoma kutuzidi sisi sote.

1. Kabla ya kuutazama ukuta, tazama umesimama juu ya nini

Mgeni akifika Colchester hutoa simu akaupiga picha mnara mkuu. Haya, piga. Halafu jiulize kwa nini ni mkubwa kiasi kile. Una takriban meta 46 kwa 34. White Tower ya London, nyumba ya mfalme mwenyewe, ina kama meta 36 kwa 33. Hakuna mnara mkuu wa Kinormani Uingereza uliokalia eneo kubwa kuliko huu. Sasa niambieni, Colchester ilikuwa na nini cha kuipita London?

Ilikuwa na kitako. Warumi waliivamia Britania mwaka 43 BK, wakapafanya hapa makazi ya askari wao wastaafu mwaka 49, kisha wakasimamisha hekalu la Kaisari Claudius juu ya kitako kikubwa cha mawe na chokaa. Mwaka 60 au 61 Boudica, malkia wa kabila moja la wenyeji, na watu wake wakauchoma mji. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia kwamba wastaafu walijifungia hekaluni wakahimili siku mbili, basi. Hekalu likajengwa tena, na baadaye likaanguka pamoja na dola iliyolijenga, lakini kitako hakikwenda popote. Nani akibebe?

Miaka elfu baadaye Wanormani wakakikuta pale pale, kigumu vilevile. Wakafanya kile ambacho fundi yeyote mwenye haraka angefanya: hawakukivunja, walikizungushia kuta za mnara wao. Kwa hiyo anayeuliza nani alipanga ukubwa wa ngome ile, nusu ya jibu ni mafundi wa Kirumi waliokufa karibu miaka elfu kabla ya William, mfalme wa Wanormani hao, kuzaliwa. Hata boma la udongo la ua wa juu lilirundikwa juu ya mabaki ya kuta za uwanja wa hekalu. Ngome imevaa hekalu kama mtu aliyevaa koti la marehemu babu yake: mabega ni ya babu, vifungo ni vyake.

Na mkifika pale msiniulize moti iko wapi. Najua mmefundishwa kwamba ngome ya Kinormani ya awali ni moti na ua, kilima cha udongo na boma la miti juu yake, na ni kweli kwa sehemu nyingi. York walipata mbili ndani ya miaka miwili, 1068 na 1069. Pale Lincoln, kitabu cha Domesday cha 1086, daftari la mfalme la ardhi na mali, kinataja nyumba 166 zilizoondolewa kupisha ngome. Lakini Colchester hakuna moti. Ukikosa moti, andika "hakuna moti", uende zako. Mwaka juzi kijana mmoja alinivuta mkono kwa furaha anionyeshe moti aliyoigundua kwenye eneo letu. Lilikuwa lundo la majani makavu la mtunza bustani, na mtunza bustani mwenyewe alikuwa amelikalia anakula mkate.

2. Vifaa

Penseli ya 4H, kamwe si kalamu. Picha kabla ya kusafisha na picha baada ya kusafisha. Kipimo kiwe ndani ya picha, kidole chako kisiwemo. Soksi za akiba. Basi, nimemaliza.

3. Ukuta hauna umri wa mawe yake

Hapa ndipo tunapofia wote, kwa hiyo nipeni muda.

Ulikuwa mwezi wangu wa tatu kazini. Kampuni siitaji, na kijiji pia siitaji, maana watu wa kule wana kumbukumbu ndefu. Mkulima mmoja alitaka kupitisha bomba la maji taka nyuma ya nyumba yake, karibu na mabaki ya ua wa ngome ndogo, nasi tukatumwa kuangalia mtaro ukichimbwa. Msimamizi wangu alikuwa likizo. Nilikuwa mimi, dereva wa eskaveta, na mvua.

Siku ya pili ndoo ya eskaveta ikakwaruza jiwe. Nikapiga ukelele dereva akasimama. Nikashuka na mwiko wangu, nikasafisha, na baada ya saa mbili nilikuwa na ukuta wa meta 4 mbele yangu: mistari ya septaria (mawe ya udongo ulioganda, ya pwani ya Essex), mistari miwili ya matofali mekundu membamba, kisha septaria tena. Ukuta wa mji wa Colchester mmeuona, ule wa Kirumi kweli. Sura ilikuwa ileile. Nikakwangua kati ya matofali kwa ncha ya mwiko, ikatoka chokaa ya rangi ya waridi yenye chembe za matofali yaliyopondwa. Moyo ukaanza kunidunda. Chuoni walitufundisha kwamba Warumi walichanganya chokaa na matofali yaliyosagwa, na mimi nililikariri hilo kama mtoto anavyokariri juzuu: waridi ni Mrumi.

Nikajaza fomu. Kipindi: Kirumi. Kisha nikaona "Kirumi" peke yake ni ufukara wa maneno, nikaongeza "karne ya 2". Kutoka wapi? Sijui mpaka leo. Nadhani nilipenda namba mbili.

Ningenyamaza hapo ningesalimika. Mkulima akaja na vikombe vya chai, akauliza ni nini, nami nikamwambia. Mkulima akamwambia mkewe, mke akamwambia mtu wa gazeti la wilaya, na kesho yake nimesimama mtaroni napigwa picha, nimelipakata kipande cha tofali kama mzazi aliyeruhusiwa leo kutoka wodini. Picha nikaituma kwenye kundi la familia. Ami yangu wa Muscat akajibu: "Mashallah, mtoto wetu kawagundua Warumi." Bibi akauliza kama Warumi hao wananilipa vizuri.

Jumatatu akaja mwanaakiolojia wa serikali ya mitaa, mama mfupi, buti zake zimekula matope ya miaka mingi. Akachutama mbele ya ukuta kwa muda ambao ulinitosha kunywa chai yote na kujutia kuinywa. Kisha akaniomba tofali. Nikampa lile la gazetini.

"Limevunjika," akasema.

Nikasema ndiyo, ni la zamani.

"Lilivunjika lini? Kabla ya kuwekwa ukutani, au baadaye?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kujua kuwa hilo ni swali. Akaligeuza. Chokaa ya waridi ilikuwa imegandamana kwenye uso wa tofali kama ukoko kwenye sufuria. Juu ya ukoko ule, na kwenye ukingo uliovunjika, kulikuwa na chokaa nyingine kabisa, ya rangi ya maziwa, yenye mchanga mkavu na vikokoto. Akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio uliouma: "Sasa hapa, ni ipi inayolishika tofali hili na jirani yake?"

Ni ile ya rangi ya maziwa. Ile ya waridi haikuwa imeshika chochote. Ilikuja na tofali kutoka jengo la kwanza, kama lebo ya dukani iliyosahaulika kwenye shati la mtumba. Nami katika meta 4 za ukuta nilikuwa nimekwangua mahali pawili tu, pote pawili penye ukoko, kwa sababu waridi ndiyo niliyokuwa naitafuta. Tukahesabu matofali yaliyoonekana. Hapakuwa na hata moja zima. Vipande vitupu, nusu na robo, vimepangwa kwa ustadi vionekane mistari.

Nikafikiri yameisha. Akauliza: "Vitu vilivyotoka chini ya msingi viko wapi?"

Mfuko namba 7. Nilikuwa nimeutia namba mwenyewe, nimeuandika tarehe, nimeutia saini kwa mwandiko mzuri. Ndani yake mlikuwa na gae la chungu cha kupikia, la kijivu, lenye mchanga mwingi. La karne ya 11, au ya 12. Lilitoka chini ya ukuta wangu wa karne ya 2. Nililiokota kwa mkono wangu, nikalipangusa, nikalifunga, na sikulitazama, kwa sababu nilishajua jibu. Lile gae lilifikaje chini ya ukuta uliolitangulia kwa miaka 900? Lilichimba handaki?

Yaliyofuata nayafupisha. Fomu 23 nilizijaza upya. Mtaro ulisimama siku kadhaa na mwenye mtaro alikuwa analipia eskaveta kwa saa. Mkurugenzi alinipigia simu, hakupaza sauti hata mara moja, nami nilitamani apaze. Gazeti likachapa masahihisho madogo kiasi kwamba ni ami yangu wa Muscat tu aliyeyaona. Mkulima alikuwa ameshaagiza kibao chenye maneno "Ukuta wa Kirumi". Msimamizi aliporudi likizo alinipa adhabu moja: niuchore uso wote wa ukuta, jiwe kwa jiwe, tofali kwa tofali, kwa kipimo cha 1:10, mvuani. Siku mbili. Muda wote huo mkulima hakuleta chai tena, na mpaka leo, katika yote yale, ni chai iliyoniuma zaidi.

Lakini aibu yenyewe haikuwa hiyo. Babu yangu alikuwa fundi mwashi Unguja. Nikiwa na miaka tisa nilimbebea mawe kutoka nyumba iliyoanguka hadi kwenye ukuta mpya aliokuwa akiujenga, mtaa wa pili. Alinipa kinyundo kidogo, akanikalisha kivulini, na kazi yangu ilikuwa kubandua chokaa ya zamani kwenye kila jiwe. "Jiwe lenye ukoko halishiki," alikuwa akisema, na lililobaki na ukoko alinirudishia. Likizo nzima ya shule nilibandua ukoko. Ukitaka kujua jiwe lililotumika mara mbili linafananaje, mimi nililijua kwa kucha zangu kabla sijajua kuandika insha. Kisha nikapanda ndege, nikakaa darasani miaka minne, nikasimama mbele ya ukuta wenye ukoko nikasema "karne ya 2".

Na tunatoka mji gani? Ngome Kongwe pale Forodhani ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na mabaki ya kanisa yamo ndani ya kuta zake. Hakuna anayesimama pale akaiita ngome kanisa. Kwetu tunaelewa. Tukivuka bahari tu, akili zinabaki uwanja wa ndege na mizigo iliyozidi kilo.

Haya, sasa ya kushika. Essex haina jiwe zuri la kujengea. Ina septaria ya kuokota pwani, na ina mji mzima wa Kirumi uliokuwa umelala kama bohari lisilo na mlinzi. Wanormani walichota humo bila aibu. Pembe za mnara wa Colchester zimejaa matofali ya Kirumi, na nyumba ya watawa ya St Botolph, mwendo mfupi tu kutoka hapo, matao yake ni matofali hayohayo. Mnara wa kanisa kuu la St Albans, huko Hertfordshire, umejengwa kwa matofali ya Verulamium, mji wa Kirumi wa hapohapo. Pale Chepstow, Wales, mnara mkuu una mkanda mwekundu wa matofali ya Kirumi umeuzunguka, kama vile mwenye nyumba alitaka wageni wauone. Kwa hiyo tofali la Kirumi linakwambia jambo moja tu: ukuta si wa kabla ya Warumi. Mawe yaliyolazwa mshazari kama miba ya samaki nayo hayakusaidii. Warumi walilaza hivyo, Wasaksoni walilaza hivyo, na Wanormani wa mwanzo walipenda mtindo huo kupita kiasi.

Tazama chokaa inayoshika, si chokaa iliyodandia. Tazama kama matofali ni mazima au vipande. Tazama kilichomo chini ya msingi. Na fungua mifuko yako mwenyewe.

Kama inakufariji, tulio katika kosa hili tuko wengi. Karne ya 19 palizuka ubishi mkali kuhusu Colchester: padri mmoja alisisitiza kwamba ngome nzima ni hekalu la Claudius, lile lile, halijaanguka, linatutazama. Alishangaa watu hawalioni. Wenzake wakamcheka, wakathibitisha kuwa jengo ni la Kinormani. Kisha kuelekea 1920, mwanaakiolojia Mortimer Wheeler na mwenyeji mmoja wa Colchester, Laver, wakayachunguza mapango yaliyo chini ya sakafu wakatambua kuwa ni kitako cha hekalu la Claudius. Masikini padri! Hekalu alikuwa amelikanyaga, yeye akalitafuta ukutani.

4. Hadithi ikikaa vizuri mno, iulize maswali

Mkizunguka nje ya mnara inueni macho, mtaona ukutani umbo la meno, yale ya kujikingia mlinzi, yamezibwa na ukuta ukaendelea juu yake. Kijana yeyote mwenye macho anayaona, na kijana yeyote aliyesoma usiku uliotangulia ananiambia: "1085, dada!"

Hadithi ni tamu, nakiri. Mwaka 1085 Cnut, mfalme wa Denmark, aliandaa jeshi la kuivamia Uingereza. William akavuka na jeshi kubwa la kukodi kutoka Ufaransa, mpaka watu wakalalamika wawalishe nini. Colchester iko upande wa mashariki, upande wa hatari. Basi inasemwa mafundi walisimamisha kazi ukuta ukiwa na orofa moja, wakaupiga meno haraka haraka ili walinzi wapande. Cnut akauawa na watu wake mwenyewe mwaka 1086, uvamizi ukafa, na baadaye ujenzi ukaendelea.

Inawezekana sana. Lakini ukuta unasema: walisimama, wakaweka meno, wakaendelea. Mwaka hausemi. Pesa huisha, mafundi hugoma, tajiri hufa, na baridi ya huku ikifika chokaa haikauki. Kila mjenzi wa enzi hizo alisimama majira ya baridi apende asipende. Kwenye fomu andika mkupuo wa kwanza na mkupuo wa pili, na tofauti za chokaa na za matundu ya jukwaa. Cnut muweke kwenye ripoti, kwenye sura ya mjadala, akiwa amevaa "huenda".

Na mnara ulikuwa na orofa ngapi? Kwa muda mrefu watu waliuchora na orofa nne, kisha wengine wakaja wakasema ulikuwa mfupi kuliko hivyo. Juu hapapo tena, kwa hiyo kila mtu ana uhuru wa kujenga atakavyo kichwani. Nyinyi chomekeni kipimo mahali palipo na ukuta.

5. Nani alijenga?

Si William. William alikuwa na farasi wa kupanda na watu wa kuwachoma nyumba kule kaskazini. Ngome ilikuwa ya mfalme, ikaanza katika miaka ya 1070 kwa makisio ya wengi, na mtu anayetajwa ni Eudo, msimamizi wa nyumba ya mfalme. Mwaka 1101 Henry I alimpa Eudo mji pamoja na ngome yake, kwa hati. Kwa hiyo 1101 ngome ipo, hilo lina karatasi. Anayesema Eudo ndiye aliyeijenga ni mwandishi wa historia wa abasia (nyumba ya watawa) ya St John hapohapo Colchester. Na abasia ile aliianzisha nani? Eudo. Mnaona.

Mwandishi huyohuyo anasema ngome ilijengwa juu ya msingi wa jumba la mfalme Coel, mfalme wa hekaya ambaye madereva wa teksi wa Colchester wanamjua kama jirani. Lakini msimcheke haraka. Hakujua lolote kuhusu Claudius, ila alijua kuna kitu kikubwa cha kale chini ya ngome, akakipa jina alilokuwa nalo. Ukiondoa jina, habari yake ni sahihi kuliko fomu saba nilizonazo mezani.

Gundulf, askofu wa Rochester tangu 1077, ndiye aliyesimamia kazi ya White Tower. Hilo lina ushahidi wa maandishi kutoka Rochester kwake. Colchester inafanana na White Tower kwa ramani, hasa ile sehemu ya kanisa dogo inayochomoza kama tumbo kwenye pembe ya kusini-mashariki, kwa hiyo watu wakampa na Colchester. Sawa, ila neno ni "inadhaniwa". Mwanafunzi mmoja aliniandikia "Gundulf alijenga, akapumzika wikiendi." Nilimpa alama moja kwa ajili ya wikiendi.

6. Aliyebomoa naye ni mjenzi

Mnafika juu, mnaona kuta zimekatika, mnaandika "imeharibika". Imeharibiwa na nani, lini, kwa mpangilio gani? Mwaka 1683 mfanyabiashara wa vyuma, John Wheeley, aliinunua ngome ile aibomoe auze mawe. Akaanza juu, akashusha alichoweza, kisha hesabu zikamkataa, maana chokaa ya Kinormani ilimfanyia kazi ngumu kuliko faida. Katika kuhangaika akatoboa chini pia, akaingia kwenye mapango ya kitako yaliyokuwa yamejaa mchanga tangu Warumi, akautoa. Mkishuka leo na mwongozaji kutazama chini ya hekalu mnatembea ndani ya uchu wa Wheeley. Asingekuwa na tamaa, Wheeler angetazama nini?

Kwa hiyo mabomoko yana namba yake ya konteksti, yana nafasi yake kwenye matriksi (ule mchoro wa kipi kilitangulia kipi), na yana fomu yake. Nilisema ni mbili. Wakati mwingine ni tatu.

Jumatatu tunarudi kwenye ukuta uleule saa mbili asubuhi, gari haisubiri mtu. Zile fomu saba nimeziacha mezani bila kuzigusa. Kila mmoja atachukua zake na kuzijaza upya akiwa amesimama mbele ya ukuta, kipande cha tofali mkononi. Chai nitaleta mimi, termosi mbili. Na wewe uliyepigia mstari: mfuko namba 4 ni wako, una saini yako. Ufungue kabla sijafika.